Siku Mama Mkubwa Alipobaki Uwanjani

Ndugu yangu Mwalimu,

Hujambo? Habari za huko nyumbani, habari za shemeji na watoto, habari za yale magoti yako yanayokusumbua ukipanda ngazi za shule? Sisi huku wazima, ukiniondoa mimi, na mimi siumwi homa wala kichwa. Nitakueleza. Shemeji yako anakusalimu sana. Anasema siku hizi hupigi simu wala hutumi ujumbe, anauliza kama kuna mahali tumekukosea. Nilimwambia mtu mwenye msiba aachwe apumue. Akaniangalia weee, akasema msiba gani huo unaosusa marafiki mpaka leo. Nikajifanya natafuta viatu.

Barua hii nimeshaianza mara nyingi nikaichana. Ningeweza kupiga simu, lakini unanijua, kwenye simu mimi ni mwongo. Kama hukuwa unalijua hilo, ukifika mwisho wa barua utakuwa umelijua. Karatasi angalau inanilazimisha kuona ninachosema. Basi nimekaa hapa kwenye chumba cha kupumzikia cha ghala la mizigo, chini ya feni isiyozunguka. Naandika sentensi moja nasimama, naenda dirishani, naangalia ndege zinavyoingia na kutoka, narudi. Mwenzetu mmoja anayeendesha foklifti ya kuinulia mizigo ameniuliza kama benchi lina misumari. Nimemwambia misumari ninayo mwenyewe. Amecheka, kaenda zake.

Nianze na kesi yako, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Wakili wa kampuni yetu ya ndege aliniita ofisini kwake. Ni mama mmoja mpole, ana sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Aliniwekea mezani nakala ya malalamiko uliyoandika. Akasema bahati mbaya kwao uliandika mapema, kabla muda wa kisheria wa kulalamika haujapita, kwa hiyo hawawezi kukufungia mlango kwa kuchelewa. Nikajisikia fahari kidogo, nikasema moyoni huyo ndiye Mwalimu, hata msiba haumsahaulishi tarehe.

Akanieleza sheria. Mtu akiwa hai, amekaa kwenye kiti amefunga mkanda, huyo ni abiria, na kampuni inambeba kama yai, akiumia wanawajibika. Akishakufa akawekwa kwenye sanduku, anahama kifungu, anakuwa mzigo, na mzigo ukiharibika au ukichelewa fidia yake hupimwa kwa kilo. Nilimuuliza kama hakuna kifungu cha katikati kwa watu kama mama yako, Mama Mkubwa wetu. Akadhani natania. Nakumbuka wewe ulivyopata barua yao ya kwanza ulinipigia ukipiga kelele kwamba wanampima mama yako kama saruji. Mimi nikakujibu pole, ndugu yangu, sheria ndiyo ilivyo. Pole! Mtu anayekaa kwenye mzani kutwa nzima, mtu ambaye ghala zima wanamwita Kilo, ndiye aliyekupa pole.

Lakini wakili akaendelea, na hapa ndipo nilipoanza kutokwa jasho. Akasema hata hizo kilo kampuni inaweza isilipe, kwa sababu kuna milango miwili ya kutokea. Kwa ile siku moja ya kuchelewa, kampuni inapona ikionyesha kwamba yenyewe na wafanyakazi wake walifanya kila lililowezekana. Kwa maiti kuharibika, inapona ikionyesha kwamba sanduku lilifungwa vibaya na aliyelituma. Milango yote miwili, akasema, funguo zake ninazo mimi. Mimi ndiye niliyekuwa kazini. Mimi ndiye niliyetoa maelezo. Nikasimame tu mahakamani wiki ijayo niyarudie. Akanipa na peremende.

Sasa nikuambie habari ya mdogo wako. Najua hutaki kusikia jina la Kijiti. Vumilia.

Juzi mlinzi wa getini alikuja kuniita, akasema kuna mtu anakuulizia, kama si ndugu yako basi ni mti. Nikatoka, nikamkuta Kijiti. Mwalimu, wewe unajua alivyokuwa mwembamba tangu utoto, tulikuwa tunamwambia asisimame karibu na fagio tusije tukamchanganya nalo. Sasa amekwisha. Tangu ulipomfukuza nyumbani analala huku mjini kwetu kwenye karakana ya mchomeleaji mmoja, juu ya maboksi, na mchana anamshikia mwenye karakana vyuma ili apate chakula. Hakuja kunilalamikia. Angekuja kulalamika ningemudu. Alikuja kujifunza.

Alitaka nimweleze jeneza la kusafiri kwa ndege linavyotakiwa kufungwa. Alinisimulia mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayetoa hesabu darasani. Kwamba mama alipofariki kule hospitali alikuwa peke yake, wewe uko mbali, pesa hazipo, akatafuta wakala wa kusafirisha maiti ambaye bei yake angeimudu. Kwamba alisimama kwenye karakana ya seremala tangu ubao wa kwanza. Aliona bati likiwekwa ndani, akaona likilehemiwa pande zote. Alimwuliza yule fundi kama pembe zimeshika, akamwuliza tena, mpaka fundi akachoka, akamwambia bwana mdogo, kama huamini ingia humo nikufungie, ukitoka useme ulipotokea. Alipofika hapo alicheka. Kicheko kikamgeukia katikati, akaficha uso kwenye mkono wa shati.

Halafu akaniambia, kaka, wewe haya mambo ndiyo kazi yako. Niambie tu nilikosea wapi. Nataka niende kwa kaka Mwalimu nikamwombe msamaha kwa kosa ninalolijua, maana nikiomba bila kujua ataona nampumbaza.

Nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba mambo ya mizigo yana mengi. Nikamnunulia chai, akainywa amesimama, akashukuru, akaondoka. Nikarudi kwenye mzani. Siku hiyo nilikosea kupima mara tatu mpaka mkuu wa ghala akaniuliza kama nimelewa.

Tangu hapo sikai. Nikilala naamka, nikiamka natamani kulala. Nyumbani nimetengeneza mlango wa jiko ambao haukuharibika. Shemeji yako ananifuata kwa macho kama paka anayefuata mtu mwenye nyama. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu, na wewe mimi umenivaa tangu tukiwa watoto.

Nakumbuka siku ya maziko. Kaburi limechimbwa, watu wamejaa, na wazee wakasema jeneza lisifunguliwe. Harufu ilikuwa imeshatangulia. Shangazi zako walishika ubao wa jeneza wakasema walau uso, walau uso tu, wakaondolewa. Wewe ukamgeukia Kijiti mbele ya watu wote. Ukamwambia aliokota wakala wa bei ya karanga, akakunyima uso wa mama yako, na kuanzia siku hiyo atafute kwao. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kando yako, nimekushika bega. Ukasema kwa sauti wote wasikie kwamba isingekuwa mimi, mama angelala uwanjani wiki nzima. Wazee wakaniombea dua. Mama mmoja akaniletea kiti. Nikakikalia, Mwalimu. Nilikaa kwenye kile kiti.

Sasa nisikilize.

Wewe uliniambia mama atapita huku kwetu Ijumaa, anashushwa kutoka ndege kubwa anapakiwa kwenye ile ndogo ya kuja kwenu. Nikabadilishana zamu na mwenzangu ili Ijumaa niwepo mimi. Nilinunua shuka jeupe jipya la kumfunikia, nikaliweka kwenye kabati langu la kazini. Nilisema huyu mwanamke hatashikwa na mikono ya mtu asiyemjua.

Kumbe wakala alipata nafasi siku moja kabla. Ulinitumia ujumbe asubuhi ya Alhamisi kunieleza. Sikuuona. Kule ndani haturuhusiwi kuingia na simu tangu kreti la mzigo wa watu lilipoibiwa, tunazifungia kabatini mpaka zamu iishe. Hapo sina kosa. Nalisema kwa sababu baada ya hapo sitakuwa na jambo lingine la kusema hivyo.

Alhamisi hiyo jua lilikuwa kali. Joto likizidi, ndege ndogo inakuwa nzito kupanda, na rubani anaagiza tupunguze mzigo. Hasemi tushushe nini. Hilo anatuachia sisi, na siku ile mwenye kuamua nilikuwa mimi. Kulikuwa na masanduku ya samaki wa barafu, na kulikuwa na jeneza moja. Kutoa samaki wachache kungetosha, au kutoa jeneza. Sisi hapa ghalani tuna msemo wetu anaofundishwa kila mgeni siku ya kwanza: maiti hapigi simu. Maana yake, samaki wakichelewa mwenyewe atakutukana mpaka ukoo wa saba, lakini maiti akichelewa ndugu zake wanalia tu, hawajui wamtukane nani. Na mwenye samaki wale, Bwana Samaki tunavyomwita, hatukani tu. Ndege ikiondoka vizuri huwa anatuachia samaki mmoja mmoja kwenye mfuko.

Nilisogea nikasoma lebo ya lile jeneza. Nilisoma jina, Mwalimu. Nalikumbuka mpaka sasa, majina matatu, yameandikwa kwa kalamu nene. Halikuniambia kitu. Nimekula kwenye sufuria ya mama yako tangu sijui kufunga vifungo vya shati. Alinichapa kama mwanawe, alinipaka dawa ya upele, alinificha baba yangu alipokuwa ananitafuta na fimbo. Na sikuwahi kujua jina lake. Ningelijulia wapi? Mtaa mzima alikuwa Mama Mkubwa, dukani Mama Mkubwa, marehemu baba yako mwenyewe alimwita hivyo hivyo akitaka maji ya kuoga. Mtoto gani angethubutu kumwuliza mtu mzima kama yule anaitwa nani? Basi nikasoma jina la mama yangu wa pili nikaona ni la mtu baki, nikasema huyu ashuke.

Maiti ikishushwa inatakiwa iingie chumba cha baridi. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Nikasema atarudi sasa hivi. Nikaliegesha jeneza kwenye toroli ubavuni mwa ghala, palipokuwa na kivuli, na mimi nikaenda kula. Niliporudi Bwana Samaki alikuwa ananisubiri na mfuko wake, tukapiga soga, tukacheka, mizigo mingine ikaingia, nikasahau. Kivuli kikahama. Ukuta ule ni wa bati, mchana huwezi hata kuuegemea.

Zamu ilipoisha nilifungua kabati kuchukua simu. Nikakuta umepiga mara nyingi. Nikakupigia, ukapokea hata kabla sijasikia ikiita. Ulikuwa uwanjani huko na gari la kukodi, shangazi zako wako nyuma wanalia, ukasema ndege imefika, samaki wameshushwa, mama hayumo. Ukasema Kilo, mama yuko wapi?

Pale nilipokuwa nimesimama, nilikuwa naliona lile toroli. Jua limepiga jeneza ubavu mzima. Nilijua papo hapo. Ndugu yangu, ningeweza kusema. Yalikuwa maneno machache tu: yuko hapa, nimemshusha mimi, nisamehe. Ungenitukana, ningemkimbiza kwenye baridi, basi. Badala yake nikakuambia huku kwetu hajafika, muulize Kijiti na huyo wakala wake. Ukasema nilijua! Huyu mtoto nilijua! Ukakata simu.

Hilo ndilo lenyewe. La kumshusha nilimshusha bila kujua. La kumsahau, nilizembea. Lakini neno la kwenye simu nililisema nikijua kila kitu, nimeshika mfuko wa samaki mkononi.

Nilimwingiza kwenye baridi mwenyewe, nikamfunika lile shuka. Nikapiga magoti pale kwenye sakafu, nikamwomba msamaha kwa jina lake la kwenye lebo, halafu nikaona haya, nikamwomba kwa Mama Mkubwa. Ijumaa nikampandisha, nikakupigia kwamba ameingia asubuhi na nimempokea kwa mikono yangu. Lakini ilikuwa imeshachelewa. Lile bati lilikuwa limelehemiwa vizuri, Kijiti hakukuongopea. Joto ndilo lililovimbisha vilivyomo mpaka bati likaachia pembeni. Mkuu wa ghala aliponiuliza kwa nini linanuka, nikasema lilikuja hivyo, limefungwa vibaya huko lilikotoka. Akaandika. Hayo ndiyo maelezo ambayo wakili anataka niyarudie mbele ya hakimu.

Jana nilikwenda ofisini kwake nikamwambia sitayarudia. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akafunika kalamu yake. Akasema, bila ukali, mtu anayebadilisha maelezo afikirie kwanza mkate wa watoto wake. Nikamwambia mkate nimeufikiria sana, ndiyo maana nilichelewa. Mkuu wa ghala yeye hakuwa na upole. Ameniita msaliti, akasema ndege ngapi zimeruka kwa msemo ule ule na hakuna aliyekufa. Nikamwambia ni kweli, walikuwa wamekufa tayari. Leo nimekatazwa kugusa mzani mpaka wakubwa wakae. Ndiyo sababu nina muda wa kukuandikia, na ndiyo sababu wenzangu wanapita hapa hawakai. Yule wa foklifti peke yake ndiye anayeniongelesha, na yeye ni kwa sababu bado hajapata habari.

Barua hii mpe wakili wako. Isome mahakamani kama itafaa, na mimi nitakuja kusimama niseme ni mkono wangu. Mama yako anaweza kubaki mzigo kwenye kitabu chao, hilo siliwezi. Lakini kwamba walifanya kila lililowezekana, hapana. Kwamba alifungwa vibaya, hapana. Hiyo milango miwili naifunga.

Shemeji yako bado hajui. Nitamwambia jioni ya leo, tukishakula. Naogopa uso wake kuliko wa hakimu.

Msamaha sikuombi kwenye barua hii. Mtu akiombwa vitu viwili kwa mara moja hutoa kimoja, na mimi nakuomba kile cha Kijiti. Yeye sijamwambia haya. Nilijaribu jana usiku, ulimi ukakataa, halafu nikaona pengine ni afadhali. Kusikia kwangu kwamba hana kosa kutamsaidia nini? Anataka kusikia kwa kaka yake.

Nisalimie shemeji na watoto, nisalimie shangazi zako wote, hasa yule aliyeshika ubao mpaka mwisho. Ukienda kaburini usinitaje, nitakwenda mwenyewe siku ukiniruhusu kukanyaga huko. Magoti yako yapake mafuta ya moto, usipande ngazi kwa haraka.

Na sasa inuka. Barua hii hukuletewa na posta. Aliyeipitisha chini ya mlango ni Kijiti, nilimpandisha basi mwenyewe. Alikuwa na hakika ukimwona utamfukuza, ndiyo maana nikamwambia asibishe hodi, aisukume ndani tu kisha asubiri. Anadhani ni karatasi za kesi. Wakati wote huu ulipokuwa unasoma, amesimama hapo nje.

Mfungulie.

Ni mimi niliyekuwa rafiki yako, na kama itawezekana tena, rafiki yako,

Kilo